Mtumiaji Yuko Wapi? Uhakiki wa Istilahi za "Fikra za Usanifu"

1. Utangulizi

Kila elimu mpya iingiapo nchini huja na maneno yake, na maneno hayo hayangoji vikao vya baraza. Hutangulia yakakaa vinywani mwa watu kabla mwanaistilahi hajapata nafasi ya kuyapima. Ndivyo ilivyokuwa kwa maneno ya kompyuta na ya simu za mkononi, na ndivyo ilivyo sasa kwa maneno ya mbinu moja inayofundishwa vyuoni, katika semina za watumishi wa umma, na katika vituo vya vijana wanaounda programu za simu. Mbinu hiyo humtaka yeyote anayeunda kitu, kiwe chombo, huduma au fomu, aanze kwa kumfahamu yule atakayekitumia. Kisha aunde mfano usio na gharama kubwa, aujaribu kwa mtu huyo, na awe tayari kurudi nyuma kurekebisha kabla fedha nyingi hazijatumika.

Tumepata kusoma miongozo kadhaa ya Kiswahili juu ya mbinu hii. Juhudi za waandishi wake zastahili kusifiwa, maana wangeweza kuiacha elimu hiyo katika lugha ya kigeni kama wengi wanavyofanya. Lakini istilahi zao zinagongana, na baadhi yake zinasema kinyume cha kile kinachofundishwa. Makala haya basi yana madhumuni mawili. La kwanza ni kuhakiki istilahi hizo. La pili, nalo kwetu ni zito zaidi, ni kuuliza kama sisi tunaounda istilahi tunalifanya lile ambalo mbinu hii inawataka wengine walifanye.

2. Asili ya Mbinu Yenyewe

Mizizi ya mbinu hii iko Marekani. Mwaka 1969 mtaalamu Herbert Simon alichapisha kitabu chake The Sciences of the Artificial, ambamo alieleza kuwa usanifu si kazi ya wachora majengo na waunda mitambo peke yao. Kila anayepanga hatua za kuigeuza hali iliyopo iwe hali iliyo bora anasanifu. Mwaka 1973 Horst Rittel na Melvin Webber waliandika juu ya matatizo ya mipango ya jamii ambayo hata kuyaeleza kikamilifu ni shida, sembuse kuyamaliza. Kampuni ya IDEO, iliyoundwa California mwaka 1991, iliyageuza mawazo ya namna hii kuwa kazi ya kila siku, na katikati ya miaka ya 2000 Chuo Kikuu cha Stanford kikaanzisha taasisi ya kuyafundisha. Juni 2008 Tim Brown, aliyekuwa akiiongoza IDEO, alitoa makala yenye jina "Design Thinking" katika jarida la Harvard Business Review, na tangu hapo jina hilo limeenea duniani.

Kwa desturi hutajwa hatua tano: kumfahamu mtumiaji, kulifasili tatizo lake, kukusanya mawazo mengi ya utatuzi, kuunda mfano, na kuujaribu. Hatua hizi hazifuatani kama ngazi. Anayejaribu akikuta kosa hurudi mwanzo.

Tusidhani kwamba jambo hili ni geni kabisa kwetu. Fundi cherehani hakati kitambaa kabla ya kumpima mwenye nguo. Humwuliza nguo ni ya harusi au ya shamba, humwonyesha mshono, humwita kujaribu ikiwa bado ina nyuzi za kushikiza, na ikibana hufumua. Kigeni ni jina, pamoja na utaratibu wa kulifanya jambo hilo katika ofisi na viwanda ambamo fundi na mwenye nguo hawaonani.

3. Istilahi Tatu Zinazoshindana

Katika maandishi tuliyoyaona, jina la mbinu hii limetafsiriwa kwa njia tatu: "fikra sanifu", "fikra za kubuni" na "fikra bunifu".

"Fikra sanifu" ndiyo yenye kasoro kubwa kuliko zote. Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, neno "sanifu" likiwa kivumishi limezoeleka kwa maana ya kilichokubaliwa rasmi kuwa kipimo. Twasema Kiswahili sanifu, tahajia sanifu, tafsiri sanifu. Msomaji akikutana na "fikra sanifu" atadhani ni fikra zilizopigwa muhuri na wakubwa, zisizoruhusiwa kubadilishwa. Mbinu tunayoizungumzia inasema kinyume: inaanza na kukiri kwamba hatujui.

"Fikra za kubuni" ina tatizo jingine. Kitenzi "buni" kina heshima yake, kwani ndicho kinachotupa mbunifu na ubunifu. Lakini kiambatanapo na "-a" ya uhusiano, maana huelekea upande wa kisicho kweli. Hadithi ya kubuni ni ile isiyotokea. Mashtaka ya kubuni ni ya uongo. Mtumishi atakayepeleka kwa mkuu wake pendekezo lenye kichwa "Fikra za Kubuni kwa Huduma za Maji" ajiandae kuulizwa mabomba ya kweli yatakuja lini.

"Fikra bunifu" haina aibu hiyo, na kwa sauti inapendeza. Kasoro yake ni kwamba inamsifu anayefikiri na kumsahau anayefikiriwa. Fikra yaweza kuwa bunifu kabisa na isimfae mtu yeyote. Aidha, tayari tunalitumia neno "ubunifu" kwa jambo lolote jipya, kuanzia mapishi hadi mitambo.

Mgongano huu wa "sanifu" na "buni" haukuanza leo. Mchora majengo huitwa na wengine msanifu majengo, na wengine humwita mbunifu majengo. Hata bodi inayowasajili wataalamu hao Tanzania hutumia "wabunifu majengo". Kwa maoni yetu, mzizi "sanifu" ungali unafaa, ila usiachwe kuwa kivumishi. Umbo "usanifu" halina utata ule wa "sanifu", na "msanifu" ni mtu anayeunda kwa ustadi, si mtu aliyekubaliwa rasmi. Kwa hiyo tunaona kuwa "fikra za usanifu" ndiyo inayovumilika kwa jina la jumla. Na panapotakiwa maelezo yanayojitosheleza, twapendekeza "usanifu wa kumfuata mtumiaji". Katika Kiswahili kumfuata mtu ni kumwendea aliko, kama tusemavyo "nimemfuata nyumbani kwake". Na ni pia kuifuata njia yake. Maana zote mbili zinahitajika hapa.

4. Huruma, Mlengwa na Mtumiaji

Istilahi za hatua zenyewe nazo zinahitaji kuangaliwa. Hatua ya kwanza imetafsiriwa mara nyingi kuwa "huruma". Huruma ni sifa njema, lakini hutoka juu ikashuka chini: mwenye nacho humhurumia asiye nacho. Msanifu hakutakiwa kumhurumia mtu. Ametakiwa kuijua hali yake kana kwamba ni yake. Wahenga walikwisha kulisema jambo hili: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake. Na lugha yetu inalo tamko lililo tayari, nalo ni "kumjulia hali" mtu. Anayemjulia hali mwenzake hutoka kwake, huenda aliko, huuliza na kusikiliza. Hakuna haja ya kuunda neno jipya. Hatua ya kwanza na iitwe "kumjulia hali mtumiaji".

Hatua ya tatu imeitwa katika mwongozo mmoja "kuzua mawazo". Anayezua ni mzushi, na uzushi haukaribishwi ofisini. "Kuibua mawazo" kunatosha, maana kinachoibuka kilikuwamo ndani kikisubiri kutoka. Walimu wamezoea "bungua bongo", na tunakiri kwamba istilahi hiyo ilitufanya tucheke tulipoisikia mara ya kwanza, kwa sababu kinachobunguliwa ni mahindi, tena na wadudu. Lakini mwalimu yeyote akiambiwa abungue bongo pamoja na wanafunzi wake, anajua la kufanya. Hatuoni sababu ya kumnyang'anya neno linalomfanyia kazi.

Kwa hatua ya nne tumeona "sampuli" na "kielelezo". Sampuli ni kipande kilichotolewa katika shehena iliyopo, ilhali hapa shehena bado haipo. Kielelezo ni cha mahakamani na cha darasani. "Mfano wa majaribio" husema wazi kwamba kitu hicho kimeundwa ili kijaribiwe na pengine kitupwe.

Lililo muhimu kuliko yote ni jina la mtu mwenyewe. Miongozo humwita mteja, mlaji, mnufaika, mdau, mlengwa au mtumiaji. Mteja ni anayenunua, na si kila huduma inauzwa. Mlaji amezoeleka katika sheria za ushindani wa biashara. Mnufaika amekwisha kuhukumiwa kwamba atanufaika, kabla hajaulizwa. "Mlengwa" ni neno lililoenea sana katika miradi ya maendeleo, nalo ndilo tunalolihofia. Sarufi yake ni ya kutendwa: mtu amesimama, na mwingine amemwelekezea mkuki au bunduki. Katika neno hilo hana analolifanya ila kupatwa.

"Mtumiaji" lina dosari zake, na moja ni kwamba masikioni mwa wengi huvuta fikira za dawa za kulevya. Hata hivyo ni neno la mtu anayetenda. Yeye ndiye anayekishika chombo, akakigeuza, akakitumia kwa njia ambayo mwundaji hakuiwaza. Twashauri lishikwe.

5. Fomu Iliyotufunza

Hapa yatupasa kuacha kuwahakiki wengine na kujihakiki wenyewe. Miaka michache iliyopita tuliletewa tafsiri ya fomu ya huduma moja ya umma ili tuipitie. Katika sehemu moja mwombaji alitakiwa kuorodhesha watu wanaomtegemea. Mtafsiri aliandika: "Majina ya wategemezi". Tuliipitisha bila swali. Neno limo katika kamusi, na uundaji wake ni wa kawaida: tetea limezaa mtetezi, lea limezaa mlezi, na tegemea limezaa mtegemezi.

Baadaye, kwa shughuli nyingine kabisa, tulikaa asubuhi moja karibu na dirisha zinakopokewa fomu hizo. Mzee mmoja mkulima alimkabidhi karani fomu aliyoijaza kwa mwandiko mzuri. Mahali pa wategemezi alikuwa ameandika jina moja tu.

"Mzee wangu," karani akasema, "huyu ni mwanao na ana kazi yake mjini. Huyu si mtegemezi wako."

"Mwanangu," mzee akajibu, "huyu ndiye anayenitegemeza. Bila yeye hata nauli ya kuja hapa nisingepata."

Wajukuu wawili anaowalea nyumbani kwake hakuwa amewaandika. Alipewa fomu nyingine, na kwa kuwa vyeti vya watoto hakuja navyo, ilimbidi arudi siku nyingine, kwa nauli nyingine.

Mzee hakukosea Kiswahili. Tegemea huzaa pia tegemeza, yaani kumpa mtu egemeo, na tegemeza laweza kuzaa mtegemezi kama vile ongoza lilivyozaa kiongozi. Neno moja lina milango miwili, na yeye alipita mlango ambao sisi hatukuuona tulipokuwa tumekaa mezani na kamusi. Tulipomwuliza karani kama jambo hilo hutokea mara nyingi, alishangaa kwamba tunauliza. Alisema kila siku huwaambia watu: "Andika wale unaowatunza." Maneno sahihi yalikuwa dirishani siku zote. Hakuna aliyekwenda kuyachukua.

Kosa hilo halikuwa la karani wala la mzee. Lilikuwa letu tuliopitisha fomu bila kuijaribu hata kwa mtu mmoja.

6. Ushahidi wa Neno "Muamala"

Yapo maneno yaliyofanikiwa, na kufanikiwa kwake kuna mafunzo. Oktoba 2005 huduma ya M-Pesa ilianza kujaribiwa nchini Kenya. Nia ya kwanza ilikuwa ni kuwawezesha wakopaji wadogo kurejesha mikopo yao kwa simu. Walioendesha majaribio waliona kuwa watu wanaitumia huduma kwa mambo mengine: walitumiana fedha, walilipiana, wengine wakaifanya mahali pa kuhifadhia fedha zao wasizibebe njiani. Huduma ilipofunguliwa kwa wote Machi 2007, haikutangazwa kuwa njia ya kurejesha mikopo bali ya kutuma fedha nyumbani. Mwaka 2008 ikaingia Tanzania. Hatudai kwamba wahusika walifuata hatua tano za Stanford. Tunasema tu kwamba walimtazama mtumiaji, wakamkubalia.

Pamoja na huduma yalikwenda maneno: kutuma, kuweka, kutoa, salio, wakala, namba ya siri, muamala. Mengi ni maneno mepesi ya kila siku. Lakini "muamala" si jepesi. Ni neno la asili ya Kiarabu, na kwa muda mrefu lilikuwa la wanasheria, wanazuoni na watu wa benki. Laiti lingepelekwa mbele ya kamati, huenda angetokea mtu wa kusema kwamba mwananchi wa kawaida hataliweza. Leo mama anayeuza mboga sokoni analitamka bila kusita, na hujua muamala uliokamilika na uliokwama.

Linganisha na "nywila". Neno hili limo katika programu kadhaa zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, ni fupi, na halifanani na lingine. Hata hivyo wengi wanaofungua programu hizo husimama hapo wakauliza maana yake, ilhali "namba ya siri" na "neno la siri" huwafikisha moja kwa moja. Tofauti ya maneno haya mawili si ugumu, kwani "muamala" lilikuwa gumu vilevile. Tofauti ni kwamba "muamala" lilimfikia mtu pamoja na jambo analolifanya kwa mikono yake, tena mara nyingi, na fedha yake ikiwa ndani. "Nywila" lilimfikia mahali ambapo tayari alikuwa na neno lake.

Kwa hiyo hatusemi kwamba istilahi iwe rahisi daima. Tunasema ijaribiwe mahali itakapofanyia kazi.

7. Mipaka ya Mbinu

Haitakuwa haki kuisifu mbinu hii bila kueleza udhaifu wake. Hata huko ilikotoka imepata wapinzani. Mwaka 2017 msanifu Natasha Jen wa New York aliishutumu hadharani kwamba imepungukiwa na uhakiki, na kwamba kwa wengi imekuwa ni kubandika vikaratasi vya rangi ukutani. Shutuma hiyo inatuhusu. Ni rahisi kuwakusanya watu ukumbini siku moja, kuwapa chai na kalamu, kisha kuandika katika taarifa kwamba "wadau walishirikishwa". Mzee wa dirishani hakuwamo ukumbini, wala karani wake.

Pili, istilahi si bidhaa. Mwenye kiwanda aweza kumwachia kila mnunuzi achague rangi aipendayo, lakini lugha ni ya wote. Neno linalompendeza mtumiaji mmoja laweza kuvunja uhusiano wake na maneno mengine ya fani hiyohiyo, na wanafunzi ndio watakaoumia. Kompyuta ya Mtanzania imekuwa tarakilishi katika vitabu vya Kenya, na kila upande una watumiaji wake walioridhika; ilhali mtafsiri anayewaandikia wote wawili hana raha. Kusikiliza peke yake hakutoi uamuzi. Hapana budi awepo mtu wa kupima mfumo mzima na kubeba lawama.

Tatu, mbinu humwona mtumiaji aliyepo na humkosa asiyekuja. Asiyejua kusoma hafiki dirishani na fomu mkononi. Kumfuata yeye ni kazi ngumu zaidi, na hakuna kikaratasi cha rangi kitakachoifanya badala yetu.

8. Mapendekezo

Kwa kuzingatia yaliyotangulia, tunapendekeza yafuatayo:

(i) Jina la jumla la mbinu liwe "fikra za usanifu", na maelezo yake "usanifu wa kumfuata mtumiaji". "Fikra sanifu" na "fikra za kubuni" ziachwe.

(ii) Hatua tano ziitwe: kumjulia hali mtumiaji, kulifasili tatizo, kuibua mawazo, kuunda mfano wa majaribio, na kujaribu. Walimu wenye "bungua bongo" waendelee nalo.

(iii) Neno "mlengwa" lisitumike kwa mtu anayehudumiwa, ila pale tunapotaka kweli kusema kwamba hana sauti.

(iv) Kila tafsiri ya fomu ya umma ijazwe na watu watano au sita wasioijua, mbele ya macho ya mtafsiri aliyenyamaza, kabla haijapitishwa. Jambo hili halihitaji fungu la fedha, lahitaji asubuhi moja.

(v) Makarani wa madirishani, wauguzi wa mapokezi na mawakala waulizwe maneno wanayoyatumia wanapofafanua fomu kwa mdomo. Hao ni watafsiri ambao hatujawahi kuwaita hivyo.

Mapendekezo haya nayo ni mfano wa majaribio. Tumeyaunda mezani, kama tulivyounda mengine, na hatutashangaa ikiwa mwalimu wa Sumbawanga au karani wa Chake Chake atatuonyesha mlango ambao hatukuuona. Tunawaomba wasomaji watuandikie: si kama wanayapenda tu, bali waliyatumia wapi, kwa nani, na mtu huyo alielewa nini.

Fomu ile imekwisha kurekebishwa. Mahali palipoandikwa "Majina ya wategemezi" sasa pameandikwa "Majina ya watu unaowatunza".